Kama Angekuwa na Shida, Angekuja

Maneno hayo niliyasikia kwa mdomo wa mwanangu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, amerudi nyumbani mchana akiwa na sare ya shule na kadi yangu ya mlengwa mkononi. Mimi nilikuwa nimelala. Sikuwa na usingizi. Nilikuwa nimelala tu, uso ukutani, kanga kichwani. Akasimama mlangoni akasema, "Mama, wamesema mpaka uje mwenyewe." Nikanyamaza. Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Kuna mtu kasema, kama angekuwa na shida, angekuja."

Simtaji aliyesema, na wala si yeye ninayemlaumu. Huenda alikuwa amesimama juani tangu asubuhi na mtoto mgongoni. Alisema kitu ambacho karibu kila mtu kijijini angekubaliana nacho: mwenye njaa hufuata chakula, mwenye kiu huenda kisimani, basi mwenye shida atakwenda palipo na fedha. Ndiyo maana naona sentensi hiyo ni ya hatari. Haina ukali wowote, inasikika kama akili ya kawaida, na tumeijengea utaratibu mzima. Lakini kuna shida inayomsukuma mtu atoke nje, na kuna shida inayomfungia ndani. Hii ya pili hatujaiandalia chochote.

Kwetu ni Ngenge, wilaya ya Muleba. Watu wakisikia Kagera huwaza migomba, kahawa na ziwa. Sisi ziwa tuko mbali nalo. Kwetu ni mahindi, maharage na ng'ombe za watu. Kwenda Muleba mjini ni kupanda pikipiki na kusubiri gari, na kurudi ni vivyo hivyo, siku imekwisha. Kumbuka umbali huo, maana una kazi katika habari hii.

Kwa asiyejua utaratibu: Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000. Katika awamu yake ya tatu ndipo ukaja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na kipindi cha pili cha mpango huo kilizinduliwa Februari 2020. Kaya inatambuliwa na wanakijiji wenyewe mkutanoni, inaandikishwa, kisha inapokea ruzuku kila baada ya miezi miwili. Sehemu ya ruzuku ina masharti. Mtoto wa chini ya miaka mitano apelekwe kliniki. Mwanafunzi ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Na kaya yenye mtu anayeweza kufanya kazi inaingizwa kwenye ajira za muda: kutengeneza barabara, kuchimba lambo, kupanda miti.

Fedha yenyewe si nyingi. Kwangu haikuwahi kufika bei ya gunia moja la mahindi. Lakini nisiwe mtovu wa shukrani: ilinunua madaftari, ilinunua sabuni, ilinunua kuku watano ambao wawili waliishi. Mama aliyewahi kukopa chumvi kwa jirani mara tatu kwa wiki anajua kuku wawili ni nini. Siandiki ili mpango ufutwe. Naandika kwa sababu nilikuwa ndani yake na nikakaribia kupotea humo humo.

Ugonjwa wangu ulianza baada ya kujifungua mtoto wa pili. Kijijini una majina mengi. Wenye huruma husema ana mawazo. Wengine husema amerogwa. Wengine husema mvivu, na hao ndio wengi. Muuguzi mmoja ndiye aliyenipa majina mengine mawili: sonona, na wasiwasi uliopitiliza. Alinieleza kuwa mara nyingi hutembea pamoja, na mimi nilijua alichosema ni kweli kabla hajamaliza. Sonona huniambia hakuna haja ya kuamka. Nikifanikiwa kuamka, wasiwasi huniambia kila mtu atanitazama. Wa kwanza hunilaza, wa pili husimama mlangoni.

Nikapewa amitriptilini, kidonge cha kumeza usiku. Kilinisaidia, tena sana. Lakini kinakausha mdomo, na asubuhi kichwa huwa kizito kama gunia lililonyeshewa. Tarehe ya kurudi kuchukua vidonge vingine nikaandikiwa kwenye kadi.

Sasa tazama kadi hizo. Siku moja nilikaa nikaziandika tarehe zote nyuma ya daftari la mwanangu. Kliniki ya mtoto. Kliniki yangu. Siku ya malipo. Uhakiki wa majina. Kikao cha kikundi cha kuweka akiba. Mkutano wa kijiji. Siku sita za kuitwa, ndani ya wiki tatu, mbali na zile za kwenda na jembe kwenye ajira za muda. Kila moja ina foleni yake, na kwenye kila foleni kuna mtu wa kumweleza wewe ni nani na kwa nini mara iliyopita hukuonekana. Maskini mwenye afya akiiona orodha hiyo atasema ni usumbufu. Mimi niliiona nikafunga daftari.

Huu ndio mzizi wa hoja yangu. Msaada wa maskini umejengwa juu ya uwezo wa aina moja: kukumbuka tarehe, kuamka mapema, kutoka nje, kusimama mbele za watu, kujieleza. Sonona na wasiwasi vinachukua uwezo huo huo. Mguu uliovunjika unaacha ulimi. Upofu unaacha kumbukumbu. Ugonjwa huu unakwenda moja kwa moja kwenye kile kinachotakiwa ili usaidiwe kwa sababu ya ugonjwa huu. Halafu asiyefika anahesabiwa kuwa hana shida.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Tangazo la malipo lilipita jana yake jioni, na Jumanne hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye kadi yangu ya hospitali. Mtu mzima wa akili angesema: chagua moja. Nilikesha nikichagua. Nikienda hospitali, fedha ya nauli naitoa wapi kabla ya malipo? Nikienda kwenye malipo, vidonge vimebaki viwili. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimevaa. Saa moja nikavua viatu. Nilianza kuhesabu watu watakaokuwa chini ya mti, nani ataniuliza mume wangu yuko wapi, nani atasema nimekonda. Moyo ukaanza kwenda mbio kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Saa mbili nikampa mwanangu kadi nikamwambia, nenda wewe, waambie mama anaumwa.

Alirudi na ile sentensi. Kanuni ilikuwa wazi, siwezi kudai nilidanganywa: malipo anapewa mwenye jina. Jina la pili kwenye karatasi za kaya yangu lilikuwa la mume wangu, ambaye alikuwa amekwenda Mwanza na hakuwa amerudi wala kupiga simu. Kulibadilisha jina hilo kulihitaji mtu aende, ajieleze. Mtu huyo ni mimi.

Na sasa jambo ambalo nikilifikiria bado nashika kichwa. Siku ile mwanangu alikosa shule. Alikosa shule ili akafuate fedha ambayo sharti lake ni yeye asikose shule. Haikuwa mara ya kwanza. Alikuwa akibaki nyumbani kumwangalia mdogo wake siku ambazo mimi siamki. Alikuwa akimpeleka kliniki yeye, mtoto akimbeba mtoto. Daftari la mahudhurio linaandika alama ya kutokuwepo. Haliandiki alikuwa wapi. Sharti lililowekwa kumlinda mtoto dhidi ya mzazi mzembe lilikuwa linamwadhibu mtoto aliyekuwa akimlinda mzazi mgonjwa.

Vidonge viliisha. Wiki zilizofuata sitazieleza zote. Nitasema tu kwamba jirani yangu, mama mtu mzima ambaye namwita shangazi ingawa hatuna damu moja, alihamia kulala kwangu. Alisema paa lake linavuja. Mvua haikuwa inanyesha.

Baadaye niliulizwa, kwa upole kabisa, kwa nini sikuja siku ya malipo. Nikasema niliumwa tumbo. Tumbo linaeleweka. Jibu la kweli nisingethubutu kulisema, kwa sababu kwetu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayejaribu kujiua kuwa mkosaji wa jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha namna hiyo kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Mtu anayejua kwamba maumivu yake yanaweza kuwa kesi hatayataja mbele ya meza yenye karatasi. Atasema tumbo. Ndivyo kumbukumbu zetu zinavyojaa matumbo, na mpangaji wa mipango akizisoma anaona hakuna wagonjwa wa akili Ngenge.

Kwa nini tunakuwa wepesi hivi kumwona mgonjwa huyu kuwa mvivu? Nadhani tumelelewa hivyo. Taifa letu lilizaliwa na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, watu waliohesabiwa wazururaji wakakamatwa mijini kupelekwa mashambani. Methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu kila mtoto anaijua. Sina ugomvi na kazi. Nimelima tangu nikiwa na meno ya utoto. Lakini malezi hayo yametuachia jicho moja tu la kumtazamia mtu aliyelala mchana. Tunajua tayari yeye ni nani kabla ya kuuliza ana nini.

Nimechimba lambo. Siku niliyoweza nilichimba bila kuinua kichwa, maana kazi ya mikono hunituliza. Siku nisiyoweza sikuonekana. Na watu wakasema, mbona juzi alichimba? Siku yangu nzuri ikageuka ushahidi dhidi ya siku yangu mbaya. Mwenye kifafa haulizwi kwa nini jana hakuanguka. Lakini sisi tunatakiwa tuwe wagonjwa kila siku, bila kupumzika, ndipo tuaminiwe.

Najua kuna upande wa pili, na una hoja. Wa kwanza atasema: sharti la kufika mwenyewe liliwekwa kwa sababu ya wizi. Ni kweli. Uhakiki ulipofanyika nchini, zilikutwa kaya hewa na kaya zisizostahili, na fedha ya maskini ilikuwa inaliwa na wasio maskini. Mimi ni wa kwanza kufurahia majina hayo kufutwa. Lakini kanuni ya kumkamata asiyekuwepo duniani haiwezi kuwa ndiyo hiyo hiyo ya kumpima asiyeweza kutoka kitandani. Mtu hewa hana nyumba. Mimi nina nyumba, ina mlango, na kila mtu kitongojini anaujua.

Wa pili atasema: bila masharti watoto hawatakwenda shule. Hoja hiyo nayo haidharauliki. Katika wilaya ya Zomba, Malawi, mwaka 2008 na 2009, watafiti waliwagawa wasichana katika makundi: wengine familia zao zilipewa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule, wengine bila sharti. Kwenye shule, kundi lenye sharti lilifanya vizuri zaidi. Lakini walipopima pia msongo wa akili, waliopewa bila sharti ndio waliopata nafuu kubwa zaidi, na malipo yalipokoma nafuu ikatoweka. Sharti lina faida, na lina gharama, na gharama yake inalipwa kichwani mwa mtu. Nilichokiona mimi ni kwamba kwenye mizani tunaweka faida peke yake.

Wala usidhani ni tatizo la nchi maskini tu. Uingereza wana malipo ya watu wenye ulemavu na maradhi ya muda mrefu, yanaitwa Personal Independence Payment. Mwaka 2017 serikali ilibadili kanuni, ikawa anayeshindwa kusafiri kwa sababu ya msongo wa kisaikolojia anapata alama chache kuliko anayeshindwa kwa sababu nyingine, na alama ndizo zinazoamua fedha. Desemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikasema kanuni hiyo ni ya kibaguzi. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kwamba haitakata rufaa. Nchi yenye treni chini ya ardhi ililazimika kuambiwa na jaji kwamba hofu inaweza kumzuia mtu kutoka nyumbani sawasawa na mguu. Basi tusione haya kuambiwa na sisi.

Isitoshe, kwetu sheria ipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inautambua ulemavu wa akili pamoja na ule wa mwili, na inataja vizuizi vya kitaasisi kuwa sehemu ya kinachomlemaza mtu. Soma hapo tena. Kizuizi kinaweza kuwa taasisi. Kinaweza kuwa foleni, tangazo la jana jioni, au karatasi yenye jina la mtu aliyehama.

Ninachodai si kikubwa. Kwanza, mtu asikatwe ruzuku kwa kutofika kabla ya mtu mmoja kwenda mlangoni kwake kugonga. Watasema hakuna wa kumtuma. Yupo mwenyekiti wa kitongoji, yupo mhudumu wa afya wa jamii. Kitongoji chetu kinajua ng'ombe wa nani amepotea kabla jua halijazama. Kinashindwaje kujua ni mama gani hajatoka nje siku nne?

Pili, jina la pili la kaya liulizwe upya kila mwaka, tena liulizwe nyumbani: huyu bado yupo, bado unamwamini, unamtaka mwingine?

Tatu, tarehe ya malipo itangazwe mapema, na kadi ya hospitali ikubaliwe kuwa sababu. Anayekwenda kuchukua dawa ya akili hajakimbia wajibu. Ametimiza ule ulio mgumu kuliko yote.

Nne, mtoto akikosa shule, swali la kwanza liwe nani mgonjwa nyumbani. Mara nyingi jibu litakuwa hakuna, ni utoro tu. Lakini pale lilipo, ndipo kaya hiyo inapohitaji kunusuriwa kuliko siku yoyote.

Mpango wenyewe una jina zuri. Neno kunusuru hatulitumii kwa mtu aliyesimama barabarani akisubiri. Tunalitumia kwa aliyetumbukia. Hakuna anayesimama ukingoni mwa kisima akasema, kama angekuwa anazama, angepanda.

Leo niko afadhali. Sisemi nimepona, nasema niko afadhali, na ninajua tofauti yake. Vidonge nameza. Jina la mume wangu lilikuja kuondolewa kwenye karatasi, baada ya shangazi kunishika mkono hadi kwenye meza na kusema yeye yale niliyoshindwa kusema mimi. Jina lililowekwa ni lake. Malipo yaliyofuata niliamka nikashindwa tena, viatu nikavivaa na kuvivua. Nikampa kadi akaenda, akarudi na fedha na kilo ya sukari, akaniambia foleni ilikuwa fupi.

Mwanangu alikuwa shuleni.